Sura ya Saba: Shimo Namba Mbili

Mifuko kumi ya nailoni ilikuwa imepangwa mezani, kila mmoja na karatasi yake: Shimo Na. 2, mita 1.5. Shimo Na. 2, mita 3. Hivyo hivyo mpaka mita 15. Nawal aliikata midomo kwa mkasi, akamimina udongo kidogo kutoka kila mfuko kwenye sahani za bati, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono.

"Haya, Afande. Niambie unaona nini."

Mkaguzi Candida Ngonyani aliinama juu ya sahani. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, na miwani aliyokuwa akiipapasa mfukoni ilikuwa kichwani kwake. Aliipata, akaivaa.

"Naona mchanga."

"Hii ya mita sita?"

"Mchanga."

"Na hii ya mita kumi na tano?"

"Nawal, mdogo wangu, mimi ni polisi. Naona mchanga mpaka mwisho wa meza."

"Basi na mimi naona hivyo hivyo, na mimi nimesomea." Nawal hakutabasamu. Alikuwa binti wa duka la vitambaa la Mchafukoge aliyewakatisha tamaa wajomba zake wote kwa kuacha vitambaa na kwenda kusomea udongo. Sasa alikuwa fundi mkuu wa maabara hii ndogo. "Ukichimba Kariakoo mita kumi na tano, huwezi kukuta kitu kimoja toka juu mpaka chini. Unapita mchanga, unakuta udongo mfinyanzi, unakuta mchanga tena mwekundu, maji yanaanza. Hii mifuko tisa nimeichekecha yote. Chembe zake ni zilezile, unyevu wake ni uleule. Huu ni mchanga wa ujenzi, Afande, ule unaomwagwa na malori. Mtu kaujaza kwa koleo hapo hapo kiwanjani."

"Umesema tisa."

"Wa kumi ndio unaonitia wasiwasi."

Alisogeza sahani ya mwanzo, ya mita moja na nusu. Udongo wake ulikuwa mweusi na mchafu, wenye vipande vyeupe vya chokaa, na katikati yake kulikuwa na kibanzi cha mti kirefu kama kidole. Nawal alikigeuza kwa kibano. Upande mmoja ulikuwa umechongwa bapa.

"Mzizi?" aliuliza Candida.

"Mzizi hauchongwi kwa shoka. Hii ni boriti. Sasa niambie boriti inatafuta nini mita moja na nusu chini ya ardhi."

Candida alikuwa na jalada tu, tena la wizi. Jumamosi iliyopita Mhandisi Zakayo, mwenye kampuni inayopima udongo wa kiwanja kimoja cha ghorofa Kariakoo, alikuja kituoni kulalamika kwamba kibarua wake mmoja, Beno, ametoroka tangu Ijumaa na kijiko cha mashine. Kijiko chenyewe si cha kulia ubwabwa. Ni bomba zito la chuma linalopasuka katikati, linalofungwa kwenye ncha ya vyuma vya kuchimbia na kupigiliwa ardhini ili lirudi na udongo tumboni. Kesi ndogo, wakubwa walisema, na wakampa Candida kwa sababu hakuwa na kubwa.

Jumatatu akaja Violeth, mke wa Beno, kutoka Mbagala. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: ni mwizi gani anayeiba chuma cha kilo nyingi halafu anaacha simu yake kwenye chaji na viatu vyake kwenye boksi la mashine? Mlinzi wa getini naye aliapa kwamba hakumwona Beno akitoka. Candida alikwenda kiwanjani siku hiyo hiyo, akakuta ardhi imesawazishwa na kutandikwa nailoni, nondo zimesukwa, vibarua wanafanya kazi kimya kimya. Alizunguka, akauliza maswali, akaondoka.

Leo ilikuwa Jumatano. Zege lililokuwa limwagwe Jumamosi ijayo lilikuwa limesogezwa ghafla mpaka leo, saa nane mchana. Kama Beno alikuwa mahali popote ndani ya kiwanja kile, baada ya saa nane angekuwa chini ya zege la mita moja, na juu yake ghorofa kumi. Hakuna hakimu ambaye angeamuru zibomolewe ili kumtafuta kibarua. Wazo hilo lilikuwa limemnyima Candida hamu ya kula tangu asubuhi. Mkuu wake alikuwa amemwambia alete sababu ya maana, naye atasimamisha zege. Mchanga wa aina moja katika mifuko tisa ulikuwa nusu ya sababu.

"Nionyeshe ile karatasi ya vipimo," alisema.

Nawal aliitoa. Ilikuwa fomu ya kazi ya Ijumaa, imejaa tarakimu. "Unasoma hivi. Nyundo ya kilo sitini na tatu na nusu inainuliwa, inaachiwa. Vyuma vinazama kidogo. Beno ndiye alikuwa mtu wa chaki. Anachora mistari mitatu kwenye chuma, sentimita kumi na tano kila hatua, halafu anahesabu mapigo ya kila hatua kwa sauti. Ndiyo maana kila kina kina namba tatu. Ardhi ikiwa ngumu, mapigo mengi. Laini, machache. Mhandisi anazitumia kujua msingi uwe mkubwa kiasi gani."

"Na mtu akizibuni?"

"Jengo linasimama juu ya namba za uongo. Linaweza kusimama miaka, au lisimalize hata mwaka. Tazama hapa. Mstari wa kwanza, mita moja na nusu: tatu, tano, nane. Mwandiko mwembamba, unalala kushoto. Kuanzia mita tatu kwenda chini, mwandiko mwingine."

Candida alisogeza karatasi dirishani. Pembeni ya kila mstari kulikuwa na saa. Mita 1.5, saa 5:20 asubuhi. Mita 6, saa 6:50 mchana: tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Mita 9, saa 7:25.

"Chukua pochi yako," alimwambia Nawal. "Tunaenda kumwona jirani."

*

Nyumba ya Bi Azza ndiyo ilikuwa ya mwisho ya chini katika mtaa ule. Pande zote maghorofa yalikuwa yameikaba, hata jua lilifika barazani kwa dakika chache tu. Upande wa kulia, ukuta kwa ukuta, ndipo kilipokuwa kiwanja. Nje, mtaa ulikuwa umefurika. Wapagazi walipiga mluzi, spika za madukani zilitangaza bei ya mashuka, wauza vocha waliitana. Candida alipovuka kizingiti, kelele zote zilibaki nyuma kwa namna ambayo hakuipenda.

"Hodi!"

"Karibuni. Vueni viatu. Tembeeni taratibu, sakafu hii inasikia."

Bi Azza alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Chumba kilikuwa na giza na harufu nzito ya ubani, na katika kila pembe palikuwa na bakuli la maji.

"Shikamoo, bibi," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Mmoja wenu ni wa Mchafukoge, nasikia kwa sauti. Mwingine anatoka Kusini."

"Songea, bibi. Mimi ni polisi, naitwa Candida."

"Polisi." Bi Azza alisukuma punje moja ya tasbihi. "Kwa mambo haya polisi hawafai kitu, mwanangu. Lakini karibuni."

"Tunataka kuuliza habari za ile nyundo ya hapo jirani."

"Nyundo ile haina adabu. Inaingia kwenye uradi wangu. Mimi nikitaja jina la Mungu, nayo inagonga. Mwisho nikaona isiwe taabu, nikawa navuta punje kwa kila pigo. Alhamisi walipiga mpaka nikachoka kuvuta."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa walipiga kumi na sita tu."

Nawal alimwangalia Candida. Tatu, tano, nane. Hesabu haikuhitaji vidole.

"Una hakika, bibi? Kumi na sita tu, siku nzima?"

"Mimi macho yameondoka, masikio Mungu kaniachia. Kumi na sita. Halafu nikasikia chuma kinakimbia chenyewe kwenda chini, krrr, kama mnyororo wa ndoo ukikuponyoka kisimani. Wanaume wakapiga kelele, kisha wakabishana. Mmoja alikuwa anasema, andika, andika kama ilivyo. Ikaadhiniwa. Wale Waislamu wakaenda msikitini, maana Ijumaa nyundo hulala mpaka watu watoke. Wamekubaliana na imamu tangu siku ya kwanza."

"Hulala toka saa ngapi?"

"Saa sita kamili mpaka saa nane."

Candida alitoa kalamu na kuzungushia duara saa zilizoandikwa kwenye karatasi. Saa 6:50. Saa 7:25. Aliyezibuni alikuwa mtu wa ofisini. Alijua mashine, alijua udongo, lakini hakujua, au hakujali, kwamba saa hizo Kariakoo yote imetandika mikeka barabarani na nyundo haina mtu wa kuivuta.

"Kisha, bibi?"

Punje zilisimama mkononi mwa Bi Azza.

"Katikati ya khutba nikasikia kitu kinavunjika. Na sauti ya mtu aliyeshtuka, mara moja tu. Halafu mbao zinaburutwa. Nikasema, mafundi wanafanya yao. Lakini alfajiri ya Jumamosi, mji haujaamka, ndipo kikaanza."

"Nini kikaanza?"

"Kugonga. Hapa." Aliweka kiganja sakafuni, taratibu. "Chini yetu hapa. Chuma juu ya jiwe. Mara tatu. Kinapumzika. Mara tano. Kinapumzika. Mara nane. Halafu kimya kirefu, halafu tena. Tatu, tano, nane. Hakibadilishi. Maji kwenye bakuli yanatikisika."

Candida aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Mimi nikajua ni jini, mwenyewe wa kisima," alisema Bi Azza.

"Kisima gani?"

"Cha marehemu Abdulrazak. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa hapo kabla ya kubomolewa. Kisima kilikuwa uani, kirefu, kimejengwa kwa mawe. Nilipoletwa hapa bi harusi nilikikuta kimeshazibwa. Walilaza boriti mdomoni, wakafukia udongo, wakapiga sakafu juu yake. Tukaambiwa tusimwage maji ya moto upande ule, kina mwenyewe. Sasa watu wa nyundo wamemwamsha." Alishusha pumzi. "Nimesoma Yasini siku tatu. Nimechoma ubani mpaka kifua kinaniuma. Jana asubuhi kikanyamaza. Nimemshukuru Mungu, mwanangu, nimelala usingizi mzuri."

Nawal alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Candida alitazama kile kiganja chembamba kilichokaa sakafuni, akajua kwamba kuna maneno ambayo lazima yasemwe humu ndani siku moja, na kwamba si yeye atakayeyasema leo.

"Asante, bibi," alisema. "Umetusaidia sana."

Nje, saa ya simu ilionyesha saa saba na dakika thelathini na nane. Candida alimpigia mkuu wake akitembea, akamweleza kwa sentensi nne. Akapiga Zimamoto kwa sentensi mbili. Walipofika getini, pua ya gari la zege ilikuwa imeshaingia kiwanjani, pipa lake likizunguka polepole.

*

Mhandisi Zakayo aliwapokea kwa adabu. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kofia ngumu nyeupe isiyo na alama hata moja ya vumbi.

"Afande, umekuja siku ya shughuli. Mmempata mwizi wangu?"

"Tunakaribia. Nina maswali machache ya fomu tu."

"Niulize upesi. Zege halisubiri mtu."

"Ijumaa ulikuwepo kiwanjani?"

"Nilikuwepo. Kazi zangu nazisimamia mwenyewe."

"Shimo namba mbili, mita sita. Tisa, kumi na mbili, kumi na nne. Ulihesabu mwenyewe?"

"Kama ilivyoandikwa."

"Saa saba kasoro dakika kumi?"

"Kama ilivyoandikwa, Afande."

Candida aligeuka. Vibarua walikuwa wamesimama karibu na mashine yao, ile miguu mitatu ya chuma yenye kapi na kamba juu. Kiongozi wao alikuwa Bakili, fundi mchimbaji wa miaka hamsini hivi, mtu wa Masasi kama Beno. Ndiye aliyemleta Beno mjini na kumfundisha kazi.

"Fundi Bakili. Ijumaa, saa saba kasoro dakika kumi, ulikuwa wapi?"

"Msikitini, Afande. Safu ya tatu."

"Wenzako hawa?"

"Wote. Kasoro Beno, yeye ni wa kanisani. Alibaki kulinda mashine."

"Nyundo hii, mtu mmoja anaweza kuipiga na kuhesabu na kuandika?"

Bakili alitazama chini. "Haiwezekani. Wa kamba wawili, wa chaki mmoja."

"Kwa hiyo nani aliyepiga mapigo haya thelathini na matano?"

Dereva wa gari la zege alipiga honi. Zakayo alimwonyesha kwa mkono asubiri.

"Ni makosa ya karani," alisema. "Saa zimekosewa tu."

"Karani anaitwa nani?"

Zakayo aligeukia gari la zege.

"Anaitwa nani, Mhandisi? Nikaongee naye."

"Niliandika mimi."

"Vizuri. Sasa nionyeshe shimo namba mbili lilipo."

"Pale." Zakayo alinyoosha kidole kwenye kona ya mbali, karibu na barabara, ambako pampu ilikuwa imeshategwa.

Candida hakufuata kidole. Alikuwa amejifunza zamani kwamba kidole cha mtu kinaweza kusema uongo, ila macho ya kundi zima hayawezi kukubaliana upesi hivyo. Aliwatazama vibarua. Hakuna aliyetazama barabarani. Wote watatu walitazama, kisha wakaacha kutazama, rundo la viroba vya mchanga lililokuwa kando ya ukuta wa Bi Azza. Pande zote za kiwanja nailoni ilikuwa imejaa nyayo za matope. Kuzunguka viroba vile, eneo la mkeka mmoja, ilikuwa safi. Siku tano watu walikuwa wamepita mbali na pale.

Na yeye mwenyewe Jumatatu alikuwa amesimama hatua nne tu kutoka hapo, akiandika jina la mlinzi. Candida alijichukia.

"Ondoeni hivyo viroba."

"Afande, huna kibali!" Zakayo alisema. "Ule ni upande wa hatari, ardhi ni laini—"

"Umeandika kumi na nne, Mhandisi. Kumi na nne si ardhi laini." Alimgeukia dereva. "Zima gari. Ukimwaga tone moja, unalala kwangu."

Pipa lilisimama. Bakili ndiye aliyeanza. Alibeba kiroba cha kwanza, kisha wenzake wakaja. Chini ya viroba palikuwa na nailoni, chini ya nailoni palikuwa na mbao za kufungia zege, zimepigwa misumari kwa pamoja. Walipoinua ubao wa mwisho, kitu kilitoka pale chini kikawapiga usoni. Ilikuwa pumzi ya baridi katika jua lile la saa nane, yenye harufu ya maji yaliyofungiwa kabla yeyote kati yao hajazaliwa. Kibarua mmoja alirudi nyuma akisoma bismillahi.

Shimo lilikuwa na upana wa mlango. Kingo zake zilionyesha boriti nyeusi zilizovunjika katikati. Chini hapakuonekana kitu.

"Beno!" aliita Candida.

Sauti yake ilizunguka ukutani kule chini, ikarudi ikiwa nzito kuliko alivyoipeleka. Halafu kimya.

"Beno! Polisi hapa! Beno!"

Kimya. Kwa mbali spika ya dukani ilikuwa bado inatangaza mashuka. Nawal alipiga magoti pembeni yake.

"Alinyamaza jana asubuhi," alinong'ona. "Afande, toka jana."

Candida aliokota kipande cha nondo. Alilala kifudifudi kwenye nailoni na sare zake, akanyoosha mkono ndani mpaka akafikia jiwe la ukuta wa kisima. Akagonga. Tatu. Akapumzika. Tano. Akapumzika. Nane.

Walisubiri. Candida alihesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe mpaka akapoteza hesabu.

Kutoka chini, dhaifu sana, chuma kiligusa jiwe. Mara moja.

Nawal alianza kulia kwa sauti. Nyuma yao Zakayo alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, kofia mkononi, akiomba maji ya kunywa. Askari wawili waliokuwa wametumwa na mkuu waliingia getini na kusimama kila mmoja upande wake.

"Alidondoka mwenyewe," alisema Zakayo. "Vyuma vilizama vyenyewe, akang'ang'ania tuandike hivyo. Mimi ripoti nilishaipeleka kwa mwenye jengo, toka wiki iliyopita. Nilichukua namba za kiwanja cha jirani, ardhi si ileile tu? Beno akachimba kunionyesha kuna nini. Boriti zikakatika. Nilidhani amekufa."

"Ulidhani lini?"

"Ijumaa."

"Na Jumamosi, alipogonga?"

Mhandisi Zakayo alitazama maji kwenye kikombe alichopewa. Hakuyanywa.

*

Gari la Zimamoto lilikwama katikati ya maguta, yale matoroli ya magurudumu matatu, barabara ya Msimbazi, kwa hiyo watu wake walikuja kwa miguu, wakikimbia na kamba mabegani, na nusu ya wateja wa mtaa nyuma yao. Sajini wao alitazama kisima, akatazama ile mashine ya miguu mitatu, akasema hakuna haja ya kutega nyingine. Waliisogeza juu ya shimo. Nyundo ilifunguliwa kwenye kamba, na mahali pake akafungwa mzimamoto mmoja mwembamba mwenye taa ya kichwani.

"Nani anajua kuendesha hii kapi?"

"Mimi," alisema Bakili.

Alimteremsha polepole, mita kwa mita, bila mtikisiko. Sauti ya mzimamoto ilikuja juu vipande vipande. Maji yanafika kiunoni. Kuna jiwe limetokeza, amekaa juu yake. Mguu umevunjika. Ana kijiko cha chuma mkononi, hataki kukiachia. Anapumua. Anapumua, jamani.

Candida alimpigia Violeth. Alijaribu kusema kwa utaratibu wa kazi, ikashindikana. Alisema tu, "Yuko hai, mama. Njoo," akakata simu na kufuta macho kwa mkono wenye matope.

Bakili alivuta kamba. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa akiongea peke yake kwa Kimakua, maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa. Kwanza kikatoka kichwa cha mzimamoto, kisha mtu aliyefungwa kifuani kwake, mweupe kwa chokaa toka nywele mpaka kucha, mdogo kuliko alivyoelezwa kwenye jalada. Walimlaza kwenye nailoni. Sajini alimfunika macho kwa kitambaa ili jua lisimuumize, akamlowesha midomo kwa maji, kidogo kidogo.

Watu walisimama mpaka juu ya ukuta.

Bakili aliiachia kamba. Alikuja akapiga magoti, akachukua mkono wa Beno kwa mikono yake miwili.

"Beno. Mdogo wangu. Ni mimi, kaka yako Bakili." Alimwinamia zaidi. "Bosi alisema umetoroka. Zile kelele akasema ni jini la kisima, tusisogee. Sisi tukaamini. Wallahi hatukujua kama ni wewe. Tusingekuacha, mdogo wangu, tusingekuacha hata saa moja."

Beno alitoa mkono wake. Haikuwa kazi rahisi, hakuwa na nguvu, lakini aliuvuta kidole kwa kidole mpaka ukatoka wote. Midomo yake ilitikisika. Candida aliinama karibu, akidhani anaomba maji.

"Kila mchana," alisema Beno, "niliwasikia mkila."